Sungura Haogeshwi

Nimewaandikia ninyi mnaovaa ovaroli niliyoivua mimi. Mwenye koti jeupe akitaka kusoma asome, ila sikumwandikia yeye. Sitaeleza nilipanda cheo lini wala nani alinipandisha. Hayo yamo kwenye faili, na faili lenyewe nasikia limeingiliwa na mchwa. Nitaeleza sungura. Nitaeleza kwa hasira, maana tangu nistaafu kila anayenitembelea ananiambia nipumzike, nisahau, walikuwa wanyama tu. Hilo neno "tu" limenichosha kuliko kazi yenyewe.

Nilianza nikiwa binti, nimetoka Sengerema, nalala kwa shangazi yangu Butimba. Kituo chetu cha utafiti kilikuwa nje kidogo ya mji, mahali ambapo mawe makubwa yamekaa juu ya mawe mengine kana kwamba kuna mtu alikuwa akiyapanga, akaitwa kula, hakurudi. Nilidhani nimeajiriwa kufagia ofisi. Wakanipeleka banda la nyuma, wakafungua mlango, na harufu ya mkojo ikanikamata macho kabla ya pua.

Ndani kulikuwa na vizimba vya chuma vilivyopandana kama ghorofa. Kila kizimba sungura mmoja. Sakafu yake wavu mtupu. Sungura akitaka kukaa wima, dari inamlaza masikio. Akitaka kujinyoosha, ukuta unamrudisha. Ila kilichonitisha zaidi ni ukimya. Banda la mbuzi linaongea, banda la kuku linagombana, hata mahabusu watu huimba. Humo ndani mlikuwa na macho mengi na hakuna sauti. Baadaye nilijifunza kwamba sungura akiumia hunyamaza, kwa sababu porini anayelia ndiye anayeliwa. Kwa hiyo watu wakapita miaka na miaka mbele ya vizimba vile wakisema, "Wametulia hawa."

Aliyenipokea ni Mzee Malima, Mjita wa upande wa Mara, mlezi wa wanyama aliyekuwepo kabla ya rangi ya kwanza ya banda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umewahi kushika sungula?"

"Nimewahi kula."

"Basi umeanza na mwisho. Njoo uone mwanzo."

Alifungua kizimba. Mimi kwa kujua kwangu nikanyoosha mkono kwenye masikio. Akaupiga kofi mkono wangu, kofi la kweli. "Hayo ni masikio, siyo mpini wa ndoo!" Kisha akanionyesha: kiganja kimoja chini ya kifua, kingine kibebe makalio, kichwa ukifiche kwapani, penye giza, apate kutulia. Miguu ya nyuma isining'inie hata kidogo. Sungura ana teke kubwa na mgongo mwepesi, akirusha teke hewani anaweza kujivunja mwenyewe. Nilirudia mpaka mikono ikazoea. Mkiniuliza nilisomea wapi, nilisomea kwapani mwangu.

Sungura wetu walikuwa na kazi mbili. Wengine walitolewa damu kidogo sikioni kwa ajili ya vipimo. Wengine walilisha mbu. Msicheke. Mbu jike asipopata damu hatagi, na watafiti wanaotafuta namna ya kumuua mbu lazima kwanza wamfuge. Basi sungura alinyolewa mgongo, akawekwa kwenye kisanduku chembamba cha mbao, akaingizwa kwenye chandarua cha mbu wenye njaa, akakaa humo mpaka washibe.

Na hapa nataka tuelewane. Nimemzika mdogo wangu kwa malaria. Msinihesabu miongoni mwa wanaodhani dawa inaota yenyewe kama nyanya pori. Kazi ile ilikuwa na maana na bado inayo. Ninachokataa, nilichokikataa tangu siku ile, ni kwamba kiumbe akupe damu yake asubuhi, halafu mchana umnyime nafasi ya kugeuka.

Mwaka wangu wa kwanza haujaisha, fundi mmoja aliuachia mlango wa bati ukajibamiza. Kishindo kile kikawapita sungura wote kama upepo kwenye mtama. Jike mmoja wa kizimba cha kati aliruka, akagonga dari, akarusha teke. Nilipomfikia, miguu yake ya mbele ilikuwa inatembea na ya nyuma inaburuzwa. Alinitazama kama kawaida. Hakulia.

Daktari wa wakati huo alimchoma sindano ya kumpumzisha. Wakubwa wakasema ajali. Mzee Malima akamfunika kwa gunia, halafu akasema, "Huyu hakuvunjika leo. Anavunjika pole pole tangu walipomfungia humu." Alikuwa na maana kwamba mfupa usiotumika hulegea, kama mguu wa mtu aliyelazwa kitandani muda mrefu. Mlango wa bati ulimalizia tu. Nilikwenda nyuma ya banda nikapiga teke ndoo. Ndoo ilivunjika. Niliandikiwa onyo kuhusu ndoo. Kuhusu sungura hakuna aliyeandikiwa.

Tangu siku hiyo tukawa wezi wa wema. Tuliwakatia vijiti vya mpera watafune, maana meno ya sungura hayaachi kukua na asiyetafuna kuni atatafuna chuma. Tuliwawekea vipande vya maboksi wakanyage, kwa sababu wavu ulikuwa unawatoboa nyayo vidonda. Tuliwaletea matembele. Mkubwa akija, maboksi yanatolewa haraka haraka, akipita yanarudi. Kosa letu lilikuwa na jina: kuharibu usafi.

Mzee Malima alistaafu akarudi Majita bila kuona sungura hata mmoja akikimbia.

Nafasi ya daktari wa wanyama ilipochukuliwa na Dokta Neema, nilijiandaa kumchukia. Alikuwa kijana, viatu vyake vikali, na alitoka chuo moja kwa moja. Siku yake ya kwanza alikaa chini sakafuni na koti lake jeupe, akawatazama sungura mpaka mwenzangu Doto akaniuliza kama dokta ameugua. Halafu akanigeukia.

"Dada Kabula, hapa pangekuwa kwako, ungeanza na nini?"

"Ningeanza kwa kutoka."

Hakucheka. Alisema, "Sawa. Tuwatoe."

Alituchukulia gereji ya kituo iliyokuwa na lori bovu, akagombana na wakubwa huko juu kwa namna ambayo sikuiona ila niliisikia kupitia ukuta. Doto na mimi tulisafisha mafuta, tukamwaga tabaka nene la majani makavu ya mpunga, tukapanga maboksi yenye milango miwili, maana sungura haingii shimo lisilo na pa kutokea. Ana akili kuliko wakopaji wengi. Tukaweka na jukwaa la mbao la kupanda na kuchungulia. Tulianza na majike, wale waliokuwa wadogo bado, wanaozoeana upesi. Madume waliokomaa tukawaacha peke yao, kila mmoja na uwanja wake, kwa sababu dume na dume wakikutana huumizana mahali ambapo Doto alikataa hata kupataja.

Siku tulipowaachia hawakujua la kufanya. Walikaa. Walinyoosha mguu, wakaurudisha, kana kwamba hewa ina ukuta. Mmoja akajaribu kuruka akaanguka ubavu. Kisha jike mweupe mwenye macho makali, ambaye Doto alimwita Mama Mkwe, akatoka katikati, akakimbia hadi mwisho wa gereji, akarudi, na akiwa hewani akajipindua mwili mzima, kichwa huku, makalio kule.

"Dada Kabula! Huyu amepata kifafa?"

"Amefurahi, Doto."

"Ndiyo hivi wanafurahi?"

"Mimi ningejua wapi? Na mimi naona leo."

Basi wakaishi. Walilala wamelaliana kama mikate kwenye trei. Vidonda vya nyayo vikapona. Walikubali kushikwa, walikwenda kwenye kazi yao wakarudi, na watafiti wenyewe wakasema damu inapatikana bila vurugu. Dokta Neema alituonyesha jinsi wanavyosugua kidevu kwenye maboksi, kwenye nguzo, mmoja kwa mwenzake. Kidevuni wana harufu yao, na kwa harufu hiyo wanajuana. Kwa hiyo alituagiza tusafishe nusu nusu. Majani machafu yatoke, mengine yabaki, ili nyumba iendelee kunuka kama nyumba yao.

Sasa nakuja kwenye ugeni.

Mnaijua desturi yetu. Mgeni akitangazwa, hata mawe ya njiani yanapakwa chokaa. Sina ugomvi na hilo. Mama yangu angeweza kukopa kuku kwa jirani ili mgeni asilale na mboga ya majani. Lakini meneja wetu wa wakati huo, ambaye simtaji kwa sababu ana watoto wazuri, alipewa taarifa kwamba wanakuja wakaguzi kutazama tunavyotunza wanyama, na mimi nilikuwa nimevuka kivuko kwenda msibani Sengerema. Akaingia gerejini, akaona majani yametapakaa, maboksi yametafunwa, na manyoya meupe yameingia unjano chini kama ya sungura yeyote anayeishi. Akaona aibu. Akatoa amri.

Nilirudi asubuhi ya ugeni wenyewe. Nilisikia harufu kabla sijafika mlangoni: sabuni ya maua na dawa ya choo. Gereji ilikuwa inang'aa. Majani hayapo. Maboksi yamechomwa moto, majivu yake bado yanafuka nyuma. Na sungura wangu walikuwa wamejikunyata juu ya saruji, wamelowa hadi ngozi, wembamba kama panya, wanatetemeka.

Waliwaogesha. Mnanisikia? Waliwaogesha sungura kwenye beseni, mmoja mmoja, kwa sabuni ya kufulia, wapendeze.

Sungura haogeshwi. Akilowa mpaka ndani joto linamkimbia, na hofu ya maji inaweza kumsimamisha moyo mikononi mwako. Wawili walikuwa wamekwisha kufa. Walikuwa wamelazwa kwenye kona, nao wamechanwa manyoya vizuri.

Doto alikuwa ameketi juu ya ndoo. "Dada, nilisema tukungoje. Akaniuliza kama mwajiri wangu ni Kabula."

"Leta mataulo. Leta makoti yao meupe, leta chochote!"

Tulikuwa tunawakausha wakati wageni wanaingia. Mama mmoja mwenye miwani akauliza kwa nini wanyama wameloa. Meneja akajibu, "Wamenyeshewa." Chini ya paa. Kiangazi. Ziwa lenyewe lilikuwa limerudi nyuma. Yule mama akatikisa kichwa taratibu, na wakaendelea kwenda kunywa chai. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Wenyeji wangu wawili walikuwa wameshatiwa ndani ya mfuko wa taka.

Jioni ile wakakauka, na balaa la pili likaanza. Mama Mkwe alimsogelea mwenzake aliyekuwa akilala naye kila siku. Yule akamnusa, akarudi nyuma, kisha akamrukia. Harufu yao ilikuwa imeoshwa. Hakuna aliyemjua mwenzake. Kila mmoja aliona amefungiwa na wageni. Manyoya yakaruka. Mama Mkwe alichanwa sikio hadi chini. Tuliwatenganisha kwa ubao na mafagio, mimi nalia kwa hasira, Doto anatukana kwa Kisukuma maneno ambayo sikujua anayafahamu.

Meneja alipopata habari alifurahi. Sisemi uongo. "Nilijua," alisema. "Wanyama hawawezi kuishi pamoja, ni maumbile. Jumatatu warudi vizimbani."

Jumatatu vizimba vikaletwa, vimepigwa brashi, vikapandishwa ghorofa kama zamani. Meneja akasimama mlangoni.

"Haya, waingizeni."

Doto akasema, "Mkuu, mimi mgongo unaniuma."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kusema."

"Kabula?"

"Mgongo wangu mzima, mkuu. Siwaingizi."

"Unakataa kazi?"

"Kazi yangu ni kuwatunza. Hii nyingine mtafutie mtu wake."

Akavua koti la suti, akampa Doto amshikie, akaingia. Alimfuata Mama Mkwe mwenye sikio bovu, akamwinua kwa masikio. Kwa masikio! Teke likaja, kucha zikalipasua shati lake kuanzia mfukoni hadi kwenye mkanda. Aliachia. Nilimdaka Mama Mkwe hewani, sijui hadi leo kwa mguu gani nilifika pale, nikamfichia kichwa kwapani, na moyo wake ulikuwa unapiga kwenye mbavu zangu kama mvua ya mawe.

"Tusi hili!" meneja anapiga kelele. "Nimeumizwa kazini!"

Dokta Neema alikuwa amefika, amesimama na begi lake. Hakuinua sauti. "Bwana meneja, hawakupigana kwa maumbile. Walipigana kwa sababu umewaosha harufu. Ukiwarejesha humo, mimi nasimamisha kazi zote za wanyama hawa leo hii, na nitawaeleza wakaguzi mvua ilinyesha saa ngapi."

Meneja alishika shati lake kwa mikono miwili.

"Mpaka mwisho wa mwezi," akasema. "Nitakuja mwenyewe. Nikikuta unyoya mmoja unapepea, vizimbani, na sitaki mjadala."

Basi tukapewa mwezi wa kuwafahamisha upya viumbe waliokuwa wamesahaulishwa. Tuligawa gereji kwa wavu, kila mmoja na sehemu yake. Kila siku tulichukua majani aliyolalia huyu tukampelekea yule. Matembele tukayaweka karibu na wavu, wale huku wanaonana. Mwanzoni walipiga mguu chini, du, du, wakageuza makalio. Nilikaa nao hadi nguo zangu zikawa na harufu ya wote. Kwenye daladala ya Buhongwa watu walinipa nafasi bila kuombwa. Niliogopa kila siku. Dokta alishasema wazi kwamba wengine wakishaumizana hawarudiani tena, na hakuna wa kulaumiwa ila aliyeshika sabuni.

Siku ikafika. Meneja akaja na shati jipya. Doto akautoa wavu. Mama Mkwe akatoka kwanza. Yule mwenzake, aliyemchana sikio, akamjia moja kwa moja, mbio, na nikaona kidole cha meneja kinainuka kuonyesha. Yule sungura akasimama. Akamnusa pua, akamnusa ubavu. Alikaa hapo muda mrefu wa kuniua. Halafu akaanza kulilamba lile sikio lililopasuka, kwa bidii, kama mtu anayefua.

Meneja alingoja manyoya. Alipochoka kungoja akasema, "Vizimba vikae stoo. Kama akiba." Akaondoka.

Akiba! Hilo neno limenitesa miaka yote iliyobaki. Mameneja wamepita, na kila mmoja, bajeti ikibana au mgeni akitangazwa, alikumbuka kwamba stoo kuna vizimba. Nami nilikwenda kubishana, mara nyingine na Dokta Neema, na baada ya yeye kuhamishwa, peke yangu na Doto na mgongo wake. Wiki zangu za mwisho nilipita kwenye korido nikasikia mtu akisema, "Mama akishaondoka tuvitoe vile vizimba. Gereji ile inakula majani na muda." Hawakuniona. Nilisimama pale na ndoo yangu. Safari hii sikuivunja.

Kamati ya kuniaga ikamtuma meneja mpya aniulize zawadi. Kijana mpole, mwenye adabu.

"Shikamoo, mama. Wenzako wamechanga. Tukununulie kitanda, au friji?"

"Marahaba, mwanangu. Nataka vile vizimba vya stoo."

"Vile vya zamani? Kumbe utafuga kuku!"

"Kuku wamenikosea nini?"

Alicheka, akadhani ni utani wa wazee, akafurahi kupata nafasi stoo. Taratibu zote za vyombo chakavu zilifuatwa. Nawaambieni mapema ili msisumbuliwe. Doto alikodi kirikuu, tukavipakia vyote, hata milango iliyong'oka, tukavipeleka kwa fundi wa kuchomelea wa Buhongwa, kando ya barabara ya Shinyanga.

Fundi alivigonga gonga akasifu. "Mama, chuma cha zamani hiki, hakipo tena. Kizima kabisa. Nikutengenezee geti?"

"Kata."

"Au madirisha? Wavu huu unafaa."

"Kata, baba. Vipande vidogo."

Akavaa miwani yake, akakata. Cheche ziliruka hadi barabarani. Doto alitaka tukae kivulini, nikakataa. Nilisimama karibu mpaka cha mwisho kikaanguka na pale chini pakawa na rundo tu la vyuma, vifupi, visivyoweza kumzuia hata mjusi. Fundi akazima mashine. Akajifuta jasho, akalitazama rundo, akanitazama mimi.

"Haya mama. Sasa niunge nini?"

"Usiunge kitu."